Amplifaya ya Bi Zuhura

Kiponda, Unguja

Baba yangu, shikamoo.

Goti linaendeleaje na baridi ya Iringa? Mimi ni mzima, ila joto la huku limeninyima hamu ya chai. Kazi ya ufundi inakwenda, ingawa wapo wateja ambao wakikuta fundi ni mwanamke hugeuka na redio zao.

Hivi karibuni nilipata kazi ambayo ungeipenda. Jirani yangu Bi Zuhura, mjane, aliniita nimtengenezee amplifaya ya gitaa la besi ya marehemu mumewe, aliyekuwa mwanamuziki. Ni ya valvu, Baba, zile taa za kioo kama za redio ya babu. Mpiga besi wa hoteli moja kule Kiwengwa alitaka kuinunua, mradi iwake.

Nilibadilisha kapasita tatu na valvu moja, ikawaka. Mnunuzi akaja na gitaa lake la kisasa, lenye betri ndani. Sauti ikatoka imepasuka. Akapunguza, bado inakwaruza. Akanitazama kama nimeiharibu. Nilikagua tena kila waya, nisione kosa.

Ndipo nikamuuliza Bi Zuhura mumewe alikuwa akitumia gitaa gani. Akaingia ndani akaleta gitaa kuukuu la besi, tumbo lake lina uwazi ndani kama la udi wa taarabu, nyuzi zake laini zisizokwaruza kidole. Nadhani lile la betri linasukuma sauti kwa nguvu kuliko amplifaya hii ilivyozoea. Ni hivyo, Baba, au kuna jingine nisilolijua?

Nikanyoosha mkono nilipokee lile kuukuu nimpe mnunuzi alijaribu. Bi Zuhura hakuliachia. Alikaa kitini, akarudisha ushungi nyuma ya bega, akachomeka waya, akapiga kwa dole gumba. Hakuwa anababaisha, alipiga wimbo mzima. Sauti ilitoka nene, ya mviringo, vikombe vikalia kabatini.

Nilimuuliza nani alimfundisha.

"Hakuna," akasema. "Yeye akitoka kwenda kazini, mie nabaki nalo. Hakupata kujua."

"Mbona hukumwambia?"

"Alikuwa akifurahi kuwa yeye ndiye mpigaji wa nyumba hii."

Mnunuzi akauliza kwa upole aje lini kuichukua amplifaya. Bi Zuhura akamjibu kuwa haiuzwi tena, ila akitaka kusikiliza, aje Jumamosi baada ya alasiri.

Nilidhani mnunuzi amekasirika, hatarudi. Jumamosi alikuja, bila gari la kubebea mzigo. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka, akamwomba Bi Zuhura amwoneshe dole gumba linakaa wapi.

Nisalimie mama mdogo anayekukanda hilo goti, na kaka yangu wa shambani umwambie mbegu nimezipata. Nakuombea afya, na nangoja jibu lako kuhusu ile betri.

Mwanao fundi,
Neema