Gia Nilizoziacha Wazi

Jumatatu, 14 Julai
Madaftari ya Kidato cha Pili, arobaini na moja. Nikiwa katikati, simu kutoka Butiama. Mama Wakuru, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama: mashine ya kupukuchua mahindi niliyoibuni mimi imekamata kanga ya mwenzake. Mkono umenusurika. Kisha nikapata wa kumlaumu: Magesa, fundi wa Nyasura niliyempa leseni ya kuziunda. Mkataba unamkataza kubadilisha hata msumari. Kabadilisha, najua.

Jumanne, 15 Julai
Nimeandika barua ya kuvunja mkataba. Nzuri sana. Nimeisoma kwa sauti mara tatu. Mke wangu kauliza kama nina hakika. Nimeikunja, nikaitia mfukoni.

Alhamisi, 17 Julai
Bunda, karakanani kwa Magesa huko Nyasura, na rula mfukoni kama mkaguzi. Nimepima mashine sita. Zote sawa na mchoro, hadi milimita. Gia ziko wazi kwa sababu mimi nilizichora wazi. Aibu mpaka masikioni.

Nyuma ya karakana, mke wa Magesa anapukuchua. Mashine yake ina bati juu ya gia. Nikadakia kama nimekamata mwizi wa mtihani: "Hii umebadilisha!"

"Hiyo haiuzwi, Mwalimu," Magesa akasema. "Nilikuandikiaga mara mbili kuomba kufunika. Ukanijibu nisome mkataba."

Mkewe akacheka. "Mwalimu anajuaga mikataba. Kupukuchua ndiyo hajui."

Kweli nilijibu hivyo. Nakumbuka hata nilivyojipongeza.

"Na ukaendelea kuziuza wazi?"

Akainama. "Niliogopa utaninyang'anya leseni."

Barua ilikuwa mfukoni, pamoja na rula. Sikuitoa.

Ijumaa, 18 Julai
Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi. Barua nimeichana. Nimemwandikia ruhusa ya kufunika gia, mistari miwili. Imenichukua saa nzima.

Jumamosi, 19 Julai
Butiama, mimi na Magesa. Tumefunga bati mashine zote nane. Yeye kafunga, mimi nimeshika parafujo, na mbili nimezipoteza. Mama Wakuru kauliza nani kabuni kifuniko. Nikasema Magesa. Iliniuma kidogo. Wala si kidogo.

Jumapili, 20 Julai
Kanisani, kisha nyumbani. Magesa kapiga simu: anataka kushusha mpini wa kuzungushia mashine, akina mama wanapukuchua wamekaa. Mimi niliuchorea mtu aliyesimama. Nilikuwa na sababu tatu za kukataa. Nimemwambia aushushe, kisha nije nijaribu, nikiwa nimekaa.