Yowe Lililofunikwa na Kwaya

KITUO CHA POLISI KILOLO
MAELEZO YA SHAHIDI
Tarehe: 17 Juni 2025
Jina: Eveline Kihwele. Umri: miaka 46. Kabila: Mhehe. Dini: Mkristo. Kazi: mfungashaji wa parachichi. Makazi: kijiji cha Mwilavila.

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa letu pale Mwilavila. Siku za kazi nafungasha parachichi kwenye banda la Kampuni. Kwetu tunasema Kampuni tu, kila mtu anaelewa. Ardhi ni yao, bomba la maji ni lao, zahanati ni yao, hata geti la kutokea barabarani ni lao.

Mwaka jana watu walitoka kuitikia yowe la kuomba msaada wa kuzima moto, na walipoona wamekuwa wengi wakaanza kuuliza habari za maji. Tangu hapo Kampuni ikapiga marufuku yowe. Mwenye shida apige simu kwa Kampuni. Kitongoji kitakachotoka kuitikia yowe kinafungiwa bomba. Sisi tulishafungiwa, baada ya kuitikia yowe la mama mjamzito na kumbeba hadi zahanati. Tukanywa maji ya mtoni yenye dawa za mashambani, watoto wakaharisha damu. Sisemi haya kujitetea. Au labda najitetea, afande, sijui.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, siku ya Jumamosi, majira ya saa tisa alasiri, tulikuwa mazoezini kanisani. Nilisikia yowe kutoka kwa Zabron Kalinga, nyumba iliyo chini tu ya kanisa. Ilikuwa sauti ya mke wake, Matilda. Nilijua mara moja ni kisima. Zabron alikuwa anachimba kisima nyuma ya nyumba kwa kificho, maana Kampuni hairuhusu visima. Sote tulijua, tukanyamaza. Kwa hiyo Matilda asingeweza kuwapigia simu Kampuni.

Nilimsikia vizuri. Alisema, "Udongo umemfunika! Njooni jamani, bado anaongea!"

Kwetu yowe likipigwa nyimbo zote hukoma, iwe kanisani au kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi. Ndivyo tulivyolelewa. Wanakwaya waliacha kuimba wakanitazama mimi. Anord, wa besi, aliweka kitabu chini akaelekea mlangoni.

Nilimwambia, "Anord, rudi kwenye sauti yako."

Akasema, "Mwalimu, si unasikia?"

Nikasema sisikii kitu. Kisha nikaanzisha wimbo mwenyewe, kwa sauti ya juu, nao wakaufuata. Tuliimba beti zote, tukarudia. Niliwaza kwamba watu wa kitongoji cha juu watatoka, na bomba litakalofungwa litakuwa lao. Hilo ndilo nililokuwa nawaza huku namwimbia Mungu.

Tulipomaliza kulikuwa kimya. Niliteremka kwa Zabron. Nilimkuta Matilda ndani ya shimo, anafukua kwa sufuria. Niliingia nikafukua naye kwa mikono, akina Anord wakaja na majembe. Tulimtoa Zabron akiwa ameshakufa. Matilda hakunipiga wala kunitukana, bora angenipiga. Aliniuliza tu, "Mlikuwa mnamwimbia nani, mwalimu?"

Jumapili msibani, Filemoni wa kitongoji cha juu alinivuta pembeni. Alisema wao walitoka, wanaume kwa wanawake, majembe begani, wameamua bomba lifungwe liwalo na liwe. Walipofika njia panda wakasikia kwaya.

Akasema, "Tukaona kama walio jirani naye wanaimba, basi hakuna jambo. Tukarudi."

Nilishindwa kumtazama usoni. Nilikuwa nadhani nimejiziba masikio mwenyewe, kumbe nimewarudisha waliokuwa wanakuja. Naona aibu hata kuandikwa jina langu hapa.

Bomba letu halijafungwa. Jana meneja ametutumia ujumbe kwenye simu, anatupongeza kwa utulivu. Sikuitwa hapa, nimekuja kwa miguu yangu. Wanakwaya wote walisikia kama mimi, ila aliyewaongoza ni mimi. Wa kulaumiwa kwanza ni mimi.

Hayo ndiyo ninayoyajua na niliyoyafanya. Nimesomewa, ni maneno yangu, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: E. Kihwele

Maelezo ya askari: Mimi, Koplo Liberatus, nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi kabla hajasaini. Wanakwaya wengine nimewahoji mmoja mmoja, akiwemo Anord. Wote wanasema hawakusikia yowe lolote, kwa sababu walikuwa wanaimba.