Kaburi Kwenye Migomba ya Tengeru

Dada Fidea,

Shikamoo. Kozi inakwenda vizuri, ila baridi ya Meru inanitesa. Nalala na sweta mbili za mtumba, siku hizi soko limejaa. Mwenyeji wangu hapa Tengeru, Mama Elibariki, ananishibisha loshoro, mahindi na maziwa mgando, mpaka sketi inabana.

Leo asubuhi nilimkuta kwenye migomba akipalilia kaburi la Elibariki wake, askari aliyekufa kwenye vita vya uhuru wa Msumbiji. Lina saruji, jina, na masale, yale majani marefu wanayopanda huku makaburini. Akafuta machozi kwa khanga, akasema, "Mwanangu, mimi nililetewa mwili tu."

Tu! Dada, badala ya kumpa pole, nilimwonea wivu. Mwenzetu ana mahali pa kulia! Kaka Lukas alivuka Ruvuma akapigane na Wareno, na sisi tuliletewa maneno: huyu anasema aliuawa Mueda, yule anasema alizama mtoni. Msumbiji ilishapata uhuru wake zamani, na Mama bado anaanika shati la Kaka kila Jumamosi.

Nikamwambia yote, hata huo wivu. Hakukasirika. Alichimba mche mmoja wa sale, akaufunga kwenye jani la mgomba. "Kaupande kwenu."

Ninakuja nao. Wasalimie watoto, nimewakumbuka mno. Nichagulie mahali uani penye kivuli. Mama akiuliza ni wa nini, mwambie ni ua tu.

Mdogo wako,
Paulina