Mfereji Mtupu Kuzunguka Nyumba

Jumatatu, 6 Machi
Na bado nasema: hata ikinuka, naipenda nyumba hii. Deo wangu aliijenga akiniwaza mimi. Kuta zimekaa juu ya matairi ya lori yaliyoshindiliwa mchanga. Kuzunguka kote ameacha mfereji mtupu, upana wa shubiri. Ardhi ikitetemeka, nyumba itacheza, haitavunjika. Mume gani mwingine hapa Uvira anamjengea mkewe nyumba inayocheza! Lakini askari wa kizuizi cha barabarani wameugeuza mfereji, upande wa barabara, kuwa choo.

Jumatano, 8 Machi
Deo ameenda kazini Kiringye. Busu, halafu onyo: mfereji usizibwe. Mimi bado bibi arusi wa ndani. Mpaka nitolewe nje rasmi kwa sherehe, sishiki jembe wala ufagio. Basi mama mkwe ndiye anayezoa mavi yao kila asubuhi, kwa majivu na kipande cha bati. Mgongo wake! Leo askari mmoja, suruali magotini, aliniona dirishani. "Weye bibi arusi, nyumba yako iko na choo pande zote ine!" Wenzake wakacheka. Nilibamiza dirisha.

Ijumaa, 10 Machi
Nimeshindwa. Nilimwita jirani mwenye simenti. Ameujaza mfereji mawe na zege, upande wote wa barabara. Mama mkwe alisema, "Binti yangu, Deo alikataza." Nikamjibu vibaya. Sasa hakuna harufu. Nimemuwaza Deo kutwa, mikono yake, kicheko chake.

Jumapili, 12 Machi
Tetemeko, tukinywa chai. Nyumba ilianza kucheza, kama alivyoahidi. Kisha ikagonga zege langu. Ukuta wa barabarani ukapasuka, ukamwangukia mama mkwe. Mkono umevunjika. Kuta nyingine tatu nzima, bila hata ufa. Waliomtoa ni askari. Wale wale. Najichukia kuliko mavi yao.

Jumamosi, 18 Machi
Askari walimpeleka mama mkwe kwa Deo, Kiringye. Kisha barabara ikafungwa. Vita.
Nimetoka nje bila kutolewa. Nyundo na patasi. Majirani wanaziba midomo. Zege linatoka vipande vidogo. Leo mpira wa tairi umeonekana tena. Harufu imerudi. Nazoa mwenyewe, kwa bati lake.
Barabara ifunguliwe, isifunguliwe, kabla mwezi haujaisha nitafika Kiringye. Nimkande mama mgongo kwa maji moto.