Uyoga Uliokatwa Miguu

Jumatano, 8/11/2023
Mvua tangu asubuhi. Laurette, muke wa Marcellin, mutoto wetu, amefika toka kwao Makobola na moto, pikipiki ya kukodi, kitenge kimelowa chote, anacheka. Mara ya kwanza analeta kitu tangu ndoa! Beseni nzima ya uyoga, kofia tisa kubwa kama sahani. Aliuokota mwenyewe mu pori, kule mulimani. Mweupe, umeoshwa, umekatwa miguu, umepangwa kama samaki mikeke sokoni. Anasema ukweni hawapeleki kitu chenye udongo. Watu wa ziwa — samaki unatoa matumbo, unaosha, ndiyo unapeleka.

Nikamukumbatia. Lakini macho yangu yalibaki mu beseni. Bila miguu nitaujua namna gani? Kwetu Luberizi mama alitufundisha: usitazame kofia, tazama mguu. Wenye muzizi murefu, unaoshuka mpaka ndani ya kichuguu — kula. Wenye kukaa mu kamufuko, kama yai lililopasuka — hata mbuzi usimupe. Kaka yangu Eugène alikula ule wa mufuko. Usiku tumbo, kesho yake akapona, akatuchekesha. Siku ya tano tukamuzika.

Beseni iko chini ya kitanda.

Alhamisi, 9/11/2023
Ildephonse, bwana yangu, anataka uyoga wake. Eti tia kitunguu mu sufuria, kikibaki cheupe tunakula, dada zake wote wanapima vile. Nikamuuliza kitunguu kilisomea wapi.

Laurette anaona sipiki. Hajamaliza matonge ya bukari yake. Mungu wangu! Hapa kwetu ukikataa chakula cha muntu, ni kusema amekutilia sumu.

Ijumaa, 10/11/2023
Nimemuambia yote, na ya Eugène. Alilia. Halafu akashtuka — mama, miguu iko kule kule! Nilikatia juu ya udongo!

Tukapanda moto mpaka mulimani, sisi wawili na dereva, magoti yangu bado yanauma. Tukachimba na kijiti. Muzizi. Muzizi tena. Minane yote ya kando ya kichuguu, mizizi mirefu. Minye mwenyewe nikaanza kuimba. Wa tisa ulikuwa peke yake, chini ya muti. Mufuko.

Laurette akakaa mu matope. Mama, ningekuua. Nikamuambia ungetuua wote na weye ndani, simama, unachafua kitenge.

Beseni yote nimemwaga mu choo. Ildephonse aliguna mpaka akalala. Minye nimelala vizuri.

Jumamosi, 11/11/2023
Laurette alirudi mulimani peke yake asubuhi. Sasa hivi amemwaga gunia zima juu ya mukeka wangu safi — udongo, majani, mizizi, hata mchwa wanatembea! Zawadi chafu namna hii ukweni! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia.

Anasoma mumoja mumoja. Muzizi, anatia mu sufuria. Muzizi, anatia. Simusaidii. Mawese yananukia, Ildephonse amekwisha kunawa mikono.

Umebaki mumoja, mukubwa, muzuri kuliko yote. Mguu ulivunjikia njiani. Ildephonse anasema kofia ni ile ile, tia, binti yangu, njaa inaniua. Laurette ananitazama. Minye nimeinamisha kichwa mu kaye hii ninayoandika, najifanya sioni.

Ameuinua. Anaugeuza. Anamuambia Ildephonse: baba, huu hauna mguu wa kusoma. Anautupa nje.