Watoto Watano, Ukurasa wa Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Kamati ya shule imekaa saa tatu nzima kujadili kijitabu changu. Kurasa kumi na sita — dakika kumi na moja na ushei kila ukurasa. Hoja: je, hadithi ya vita inamfaa mtoto wa darasa la pili? Mwenyekiti, daktari wa meno, kasema mtoto wa miaka saba bado mchanga. Sawa. Mimi nilikuwa na miaka saba vita ilipotufikia. Haikunidai cheti cha kuzaliwa.

Alhamisi, 6 Machi
Barua imekuja. Masahihisho mawili tu, kwa hisani yao. "Wanajeshi" wawe "wageni". Na mama anayehesabu wanawe kila jioni njiani — watano, watano, watano, wanne — ahesabu watano mpaka mwisho. Mwalimu mkuu kanipigia kunibembeleza: Mama Chapa, legeza kidogo, watoto wapate usingizi.
Kwa hiyo mdogo wangu amefufuliwa, kura sita kwa mbili. Kumbe miaka yote hii tulichokosa ni akidi tu.
Nimebadilisha maneno. Nimechapa nakala mia mbili.

Jumatano, 19 Machi
Mwalimu wa darasa la pili kaja mwenyewe hapa karakana, hacheki. Ukurasa wa tisa maandishi yanasema watano. Picha inao wanne, wameshikana mikono. Watu wanane wenye vyeti, hakuna aliyehesabu picha! Mimi nilijua. Barua haikutaja picha.
Watoto arobaini na wawili wamehesabu kabla ya kusoma neno la kwanza. Sasa wamegoma kufungua ukurasa wa kumi. Wanamtafuta, kasema, mpaka nyuma ya miti.
Nikamwambia awapeleke kwa mwenyekiti, ndiye aliyemfufua.
"Hawamtaki mwenyekiti, dada. Wanamtaka aliyeandika."
Kesho saa nne niende. Kuna msichana wa dawati la mbele, kasema, hana haja ya kujua yule wa tano yuko wapi. Anauliza alikuwa ameshikwa mkono na nani.
Miaka thelathini na minane. Mama alihesabu, akarudia kuhesabu, akajitwisha mzigo tukaendelea. Hilo hajawahi kuniuliza.

Alhamisi, 20 Machi
Saa nne kasoro tano. Niko kwenye benchi nje ya darasa, naandikia gotini. Mwalimu ananiita. Kalamu inateleza, mkono umelowa jasho. Ni huu huu, wa kulia.