Hoho za Nakundwa

Jumatatu, 2 Juni
Nimeloweka mahindi na maharage. Maji ya bomba yalitoka alfajiri, nimejaza ndoo sita. Upepo umeleta vumbi hadi kitandani.

Mama mkwe kapiga simu. Tarehe 15 wanakuja na posa wakwe wa Nambike, wifi yangu wa mwisho, niliyemlea tangu darasa la tatu. Miaka kumi na minne wageni wa nyumba ile wanakula makande yangu. Safari hii makande yatasubiri. Kwanza watapewa “vya kuanzia” vya Nakundwa.

Nakundwa ni mke wa mdogo wake mume wangu. Kapika hotelini Arusha, karudi Same na oveni. Tangu lini Mpare akaanza kabla ya kuanza? Wivu ninao. Basi, nimeandika.

Jumatano, 4 Juni
Leo katuonjesha. Hoho kazipasua katikati, katoa mbegu, kajaza viazi vya kuponda, karoti, kitunguu na jibini. Juu kazungushia bekoni, nyama nyembamba ya nguruwe, kila moja kaibana kwa kijiti cha meno. Oveni, dakika ishirini na tano. Nyumba nzima ikanukia.

Nilitaka ziwe mbaya. Hazikuwa mbaya. Nilikula nne.

Mama mkwe akasema, “Mama Eliya, na wewe jifunze.” Mbele ya Nambike! Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Ijumaa, 6 Juni
Nimejaribu nyumbani, mlango nimefunga. Bekoni sikupata, nikakatiwa nyama nyembamba kwa muuza kitimoto, nikaitia chumvi. Sufuria, mchanga chini, makaa juu ya mfuniko. Hoho zikatoa maji. Viazi vikawa uji. Nyama mbichi upande mmoja, imeungua upande wa pili.

Baba Eliya kauliza huu ni mchuzi wa nini. Nikampa mbwa wa jirani, naye hakumaliza.

Jumanne, 10 Juni
Sokoni nimekutana na shangazi wa kijana anayemposa Nambike, kashuka na tangawizi kutoka Myamba. Shikamoo, marahaba, tukapiga soga. Kasema wifi yake, yaani mama wa kijana, ni Msabato wa kuzaliwa. Nguruwe haguswi, hata chombo alichopikiwa hakitumii. Kwa wakwe wa mwanawe mkubwa walimpakulia, akainuka, akaondoka. Posa ikalala mwaka mzima.

Sisi tungejuaje? Kijana ni Mlutheri kama baba yake, kila Jumapili tunasali naye. Mshenga kaulizwa mambo ya mahari, mbuzi na mablanketi. Hakuna aliyemuuliza nani hali nini.

Nimerudi na tangawizi kilo mbili na hilo neno moyoni. Kesho nitasema.

Jumatano, 11 Juni
Sijasema.

Alhamisi, 12 Juni
Bekoni imefika na basi kutoka Moshi, ndani ya boksi la barafu. Mama mkwe kawaita majirani waje waione. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nikajisemea. Lakini nilikula nne.

Nilikuwepo. Mdomo nilikuwa nao. Nikawaza sinia likirudi jikoni halijaguswa, na uso wa Nakundwa. Nikaona raha. Mungu ananiona, naandika hivyo hivyo.

Jumamosi, 14 Juni
Nambike kaja nimsuke. Akauliza, “Wifi, wakinikataa je?” Nikamwambia atulie, nisije nikamvuta. Nikakosea mstari mmoja, nikafumua, nikaanza upya.

Kanishukuru. Kaondoka. Bado sijasema. Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumapili, 15 Juni, jioni
Wageni saba. Mama wa kijana ni mwembamba, mpole, kitenge cha buluu. Nambike alipiga magoti akiwanawisha mikono, mmoja mmoja. Nakundwa akaingia na sinia. Kwa heshima akaanza na mama yule. Mama akachukua moja, akaigeuza kwenye kijiti. Naona alidhani ni ngozi ya kuku.

Sikumtazama Nakundwa tena. Nilimtazama Nambike, birika mkononi, anamtazama mkwewe kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani. Nikavuka sebule nzima, nikamshika mkwe mkono mbele ya wazee.

“Mama, usile. Hii ina nguruwe.”

Akairudisha polepole. Akasema, “Asante, mwanangu.”

Masinia yakatolewa. Makande nilikuwa nimeyapika uani, kwenye chungu changu, hayakuikaribia ile oveni. Mama yule alikula, akaongezewa. Posa imepokelewa. Nambike kalia, kacheka, kalia tena.

Mama mkwe kanisifu mbele ya watu wote. Kasema nyumba bila Mama Eliya ingeaibika leo. Wiki mbili nimezililia sifa hizi. Zimekuja zote kwa pamoja na nimeshindwa kuzimeza. Nakundwa alikuwa jikoni, hakutoka tena.

Jumatatu, 16 Juni
Nimekwenda kumsaidia Nakundwa kuosha vyombo. Macho mekundu. Hoho zote alikuwa amezitupa. Mafuta yalikuwa yamegandia kwenye masinia, tukayasugua kwa majivu na maji ya moto.

Kanishukuru. Kasema bila mimi angemharibia Nambike maisha, asingejisamehe. Mara tatu kasema asante. Nikaendelea kusugua.

Halafu akauliza, taratibu tu, “Dada, hivi ulijua lini?”

Ningeweza kusema ni palepale sebuleni, shangazi wa kijana kaninong’oneza. Angeamini. Nikasema Jumanne.

Alisuuza sinia, akalifuta, akachukua lingine. Tukamaliza yote. Nikaaga. Hakunisindikiza.